Kukata Neno Pasipo Kiungo

Wako wasomi, tena si wachache, ambao wakitajiwa lugha ya Kiholanzi huanza kwa kucheka. Hulichukua neno moja refu, wakalitandaza karatasini kama mkeka, wakahesabu herufi zake, kisha wakauliza ni kinywa gani cha binadamu kiwezacho kulitamka. Neno walipendalo kwa mzaha huo ni "kindercarnavalsoptochtvoorbereidingswerkzaamheden", ambalo kitabu cha rekodi cha Guinness, katika toleo la mwaka 1996, kililitaja kuwa refu kuliko yote ya Kiholanzi, kwa herufi zake 49. Maana yake ni kazi za kutayarisha maandamano ya watoto katika sikukuu ya kanivali. Mzaha wenyewe ni mkongwe. Mark Twain alikwisha kuufanya mwaka 1880 juu ya Kijerumani, ambacho ni jamaa ya Kiholanzi, na wengi waliomfuata hawakuongeza kitu ila ukubwa wa kicheko.

Kicheko peke yake hakimdhuru mtu. Kinachodhuru ni mafundisho yaliyokaa nyuma ya kicheko hicho, nayo hupatikana katika vitabu vidogo vya kuwafundisha wageni, na katika vichwa vya waalimu waliofundishwa kwa vitabu hivyo. Mafundisho yenyewe ni haya: kwamba neno refu la Kiholanzi ni mfululizo wa herufi, kwamba mwanafunzi na alikate kwanza kwa kanuni za irabu na konsonanti, kwamba akiisha kulikata autafute mkazo kwa kukisia, na kwamba maana ataikuta mwisho, ndani ya kamusi. Utaratibu huu umepinduliwa miguu juu. Katika Kiholanzi maana hutangulia. Maana huonyesha viungo vya neno, viungo huonyesha mipaka ya silabi, na viungo hivyo hivyo huonyesha mahali pa mkazo. Ajaye na kisu kabla ya kujua viungo viko wapi atakata mfupa.

Yafaa kusemwa mapema kwamba Mholanzi si yule ambaye wazee wa pwani walimwita Mdachi. Mdachi wa pwani alikuwa Mjerumani, ingawa jina hilo lilitoka katika shina moja na lile ambalo Waingereza humwitia Mholanzi. Mchanganyiko huo mdogo umewafanya wengine wadhani kwamba Kiholanzi hakiwahusu kabisa wasemao Kiswahili. Sivyo. Mwanafunzi wa historia ya Kongo hawezi kukwepa maandishi ya mapadre wa Kiflemi waliofanya kazi huko wakati wa Wabelgiji. Katika vyuo vikuu vya Leiden na Ghent Kiswahili hufundishwa, na mwalimu na mwanafunzi hukutana katika lugha hizi mbili. Tena wako Wakongo na Warundi waliohamia Uholanzi, wanaodaiwa na sheria kufaulu mtihani uitwao "inburgeringsexamen", yaani mtihani wa kuingia katika uraia na maisha ya nchi. Kwa mtu huyo kukata neno si mchezo wa wasomi. Neno la kwanza analopaswa kulitamka vema ni jina la mtihani wenyewe.

Na tulitazame jina lile lililo refu zaidi ya hilo, ambalo Waholanzi hulitumia bila kucheka hata kidogo. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya bima ya wafanyakazi wasioweza tena kufanya kazi, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1967. Jina la bima hiyo ni "arbeidsongeschiktheidsverzekering". Lina herufi 33. Wenye mzaha huishia hapo. Lakini Mholanzi haoni herufi 33, aona mafungu matatu: "arbeid", kazi, "ongeschiktheid", hali ya kutofaa, "verzekering", bima. Kati ya fungu na fungu imewekwa "s", ambayo kazi yake ni kuunga tu, na siku zote hukaa upande wa fungu lililotangulia. Basi silabi zajipanga zenyewe: ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring. Ni silabi kumi.

Mswahili asemaye "hatutawasababishieni" ametamka silabi kumi vilevile: ha-tu-ta-wa-sa-ba-bi-shi-e-ni. Hakuna msomi wa Kiswahili aliyekwisha kulicheka neno hilo, kwa sababu kila mmoja ajua kwamba "ha" ni ya kukana, "tu" ni ya watendaji, "ta" ni ya wakati ujao, na kadhalika hata mwisho. Anasikia viungo. Mgeni asiyevisikia ndiye aonaye msitu. Na Mwingereza, ambaye ndiye mcheshi mkuu katika jambo hili, afanya yale yale afanyayo Mholanzi: hupanga majina matatu au manne kwa mfuatano, jina likilieleza jina, ila tu huacha nafasi nyeupe kati yao. Urefu anaoucheka ni wa wino. Ulimi haujui nafasi nyeupe.

Kanuni za herufi zina mahali pake, wala si haki kuzikataa zote. Katika neno lisilo na viungo, konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huenda na silabi ifuatayo: wa-ter, maji. Zikiwa mbili hugawanywa: kin-der, kama lilivyo fungu la kwanza la lile neno la herufi 49. Juu ya hili maandishi ya Kiholanzi yamejengwa, maana silabi iliyo wazi huandika irabu ndefu kwa herufi moja, na iliyofungwa huiandika kwa herufi mbili. Mti ni "boom", na miti ni "bomen", bo-men. Bomu ni "bom", na mabomu ni "bommen", bom-men. Asiyejua silabi hajui hata kuandika mti na bomu.

Lakini kanuni hizo ni za ndani ya fungu. Hazina ruhusa ya kuvuka kiungo. Chakula cha jioni ni "avondeten", kutoka "avond", jioni, na "eten", chakula. Mfuasi wa herufi ataona "d" kati ya irabu mbili, akiwa na "n" nyuma yake, naye atakata a-von-de-ten. Atakuwa amekosea mara mbili, kwa jicho na kwa sikio. Kwa jicho, kwani mpaka uko baada ya "d": a-vond-e-ten. Kwa sikio, kwani katika Kiholanzi "d" iliyo mwishoni mwa fungu hutamkwa "t". Katika "avonden", yaani majioni, "d" ni "d", kwa kuwa "en" ya wingi si fungu linalojitegemea. Katika "avondeten" herufi ile ile, mbele ya irabu ile ile, ni "t". Hata kama msemaji wa haraka ataitelezesha "t" hiyo ikashikamana na irabu inayofuata, haitarudi kuwa "d". Kiungo kimeacha alama yake ndani ya sauti. Hapa ndipo hoja ya wale wasemao kwamba viungo ni mawazo ya wanasarufi tu inapovunjika: mtoto wa Kiholanzi wa miaka sita, asiyejua sarufi wala herufi, hutamka "t".

Hali kadhalika neno "angstschreeuw", yowe la hofu, ambalo huonyeshwa kama mnyama wa ajabu kwa sababu ya konsonanti zake nane zilizofuatana: n, g, s, t, s, c, h, r. Nane ni za karatasi. Kinywani "n" na "g" ni sauti moja, nayo ni ile ng' ya ng'ombe. Na "c" pamoja na "h" ni sauti moja iliyo karibu na kh ya kheri. Zabaki sita, na katika hizo sita hakuna hata moja ambayo Mswahili aliyesoma hana. Kinachomshinda si sauti, bali ni kukosa kuambiwa kwamba kuna mlango katikati: "angst", hofu, "schreeuw", yowe. Akiambiwa hivyo atavuta pumzi mlangoni, na neno litapita. Asipoambiwa atagawanya nane kwa nusu kama mgawa nazi, na "sch" itakatwa shingo.

Hoja nzito kuliko zote imo katika maneno yenye sura moja na viungo viwili. "Valkuil" ni shimo la mtego, kutoka "val", mtego au mwanguko, na "kuil", shimo. Ukikata mbele kwa herufi moja wapata "valk", kozi, na "uil", bundi. Mtego umegeuka kuwa ndege ambaye Mwenyezi Mungu hakumwumba. "Kwartslagen" yaweza kuwa "kwart-slagen", robo za mzunguko, kama afunguapo mtu parafujo. Na yaweza kuwa "kwarts-lagen", matabaka ya lile jiwe gumu ling'aalo liitwalo kwarts. Fundi na mjuzi wa miamba wataliandika kwa herufi zile zile, nao watalikata mahali pawili. "Dijkramp" likikatwa "dijk-ramp" ni maafa ya kuvunjika kwa boma la kuzuia maji. Likikatwa "dij-kramp" ni mkakamao wa paja. Watu wa Zeeland hawahitaji kuelezwa tofauti ya mambo hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja maboma yao, na katika Uholanzi wakafa watu 1,836. Msiba huo huitwa "watersnoodramp", wa-ters-nood-ramp, na humo pia mko ile "s" ya kuunga ambayo mgeni huivukisha mpaka bila idhini, akaunda neno "snood" lisilohusika.

Kuna maneno ambamo si mpaka tu unaohama, bali mkazo na hata sauti za herufi pia. Mfano mzuri ni "massagebed". Likiwa "massage-bed" ni kitanda cha kukandia mwili, na mkazo wake uko katika silabi ya pili, masságe, na "g" yake ni laini kama itamkwavyo na Wafaransa. Likiwa "massa-gebed" ni sala ya umati, mkazo wake uko mwanzo kabisa, mássa, na "g" yake ni ya kooni, karibu na gh ya ghafula. Herufi kumi hazikuhama hata moja. Mpaka ulipohama, neno zima lilibadilika kinywani. Wale wasemao kwamba herufi ndizo zitangulie, na waonyeshe ni herufi ipi kati ya hizo kumi iliyowaambia kama watu wamelala au wanasali.

Au "diplomaatje". Kiholanzi hupenda kulidogosha jina kwa "je" au "tje". Kutoka "diploma", cheti, lapatikana "diplómaatje", cheti kidogo. Kutoka "diplomaat", mwanadiplomasia, lapatikana "diplomáátje", mwanadiplomasia mdogo. Na pasipo alama za mkazo yote mawili huandikwa sawasawa. Lakini likiangukia mwisho wa mstari, likabidi kukatwa kwa kistari, siri hutoka nje. Kanuni rasmi yataka la kwanza liandikwe "diploma-tje", na "a" moja itupwe, kwani iliwekwa kwa ajili tu ya kulinda urefu wa irabu ndani ya neno zima; la pili laandikwa "diplomaat-je". Basi mpanga chapa asiyejua kama habari ni ya cheti au ya mtu hawezi kumaliza mstari wake.

Wapinzani husema hapa kwamba mifano hii ni vitendawili, kwamba hata Mholanzi mwenyewe husita mbele ya "valkuil" likisimama peke yake. Ni kweli kwamba husita, na kusita kwake ni ushahidi. Kama silabi zingekuwa zatoka katika herufi, asingesita, maana herufi zote ziko mbele yake. Husita kwa sababu maana haijafika. Mpe sentensi yenye mtu anayechimba, na kusita kwisha.

Jambo la mkazo ndilo liwapotezalo zaidi wasemao Kiswahili, na sababu yake ni heshima ya Kiswahili chenyewe. Mkazo wa Kiswahili huhesabiwa kutoka mwisho: silabi ya pili kutoka mwisho hupata mkazo, liwe neno fupi au refu, liwe la kiungo kimoja au vitano. "Mwana" lina mkazo katika "mwa". Likiungwa na kuwa "mwanafunzi", mkazo wahamia "fu". Fungu la kwanza halina haki. Desturi hii ni ya raha hata mwenye nayo hudhani dunia yote yahesabu hivyo, na mshairi aliyezoea kupima mizani nane kwa nane hulichukulia neno la kigeni kwa kipimo kile kile. Atafika kwa "verzekering" akaweka uzito kwenye "ke". Lakini "e" ya silabi hiyo ni ile irabu hafifu ya katikati ya kinywa, ambayo Kiswahili hakina, na ambayo katika Kiholanzi haiwezi kubeba mkazo kamwe. Ameupanda ngazi isiyo na kidato. Mkazo uko "ze".

Katika neno ambatani la Kiholanzi kanuni kuu ni kwamba mkazo mkubwa hukaa katika fungu la kwanza, na mafungu yafuatayo hubaki na mikazo yao midogo, kila moja mahali pake. "Húisdeur" ni mlango wa nyumba. "Tándarts" ni mganga wa meno. "Zíekenhuis", nyumba ya wagonjwa, ni hospitali, na "zíekenhuisbed" ni kitanda chake. Katika jina la ile bima ya mwaka 1967 mkazo mkuu uko "ar", silabi ya kwanza kati ya kumi. Msomaji na aangalie jambo moja ambalo vitabu vidogo hulipita kimya. Kiswahili hutaja kitu kwanza, kisha kikakieleza: kitanda cha nyumba ya wagonjwa. Kiholanzi hueleza kwanza, na kitu chenyewe huja mwisho: wagonjwa, nyumba, kitanda. Kwa hiyo jina la kitu liko mwisho wa neno, ilhali kilele cha sauti kiko mwanzo wake. Mswahili alisomaye neno hilo hana budi kulielewa kutoka kulia na kulitamka kwa nguvu kushoto. Mwalimu asiyelisema hili siku ya kwanza amemwacha mwanafunzi wake avuke mto bila kumwambia maji yatiririka upande gani.

Wako watakaoinua mkono na kutaja "stadhúis", nyumba ya halmashauri ya mji, na "burgeméester", mkuu wa mji, ambayo mkazo wao hauko mwanzo. Watataja pia Amsterdám na Rotterdám na Volendám, miji iliyoitwa kwa mabwawa yake, ambayo yote huweka uzito kwenye "dam", ingawa Míddelburg hauko hivyo. Kisha watahukumu kwamba mkazo wa Kiholanzi hauna sheria. Hukumu hiyo ni ya haraka. Maneno kama "stadhuis" yapo, na hayana budi kujifunzwa moja moja kama mwanafunzi wa Kiswahili ajifunzavyo kwamba "lazima" na "walakini" kwa wasemaji wengi hayafuati desturi, na kwamba "barabara" ya kupitia magari si "barabara" ya sawasawa, kwa mkazo tu. Hakuna aliyesema kwa ajili ya hayo kwamba Kiswahili hakina kanuni ya mkazo.

Na mengi yanayodhaniwa kuwa uasi ni utii wa ndani zaidi. "Wittebróodsweken" ni majuma ya fungate. Mkazo hauko "wit", bali "brood". Kwa nini? Kwa sababu fungu la kwanza si neno "witte", jeupe, bali ni kifungu kizima, "witte brood", mkate mweupe. Na katika kifungu cha sifa na jina, mkazo wa Kiholanzi huangukia jina. Kifungu kilipoungwa na "weken", majuma, kiliingia na mkazo wake kama bibi harusi aingiavyo na sanduku lake. Vivyo hivyo "oudemánnenhuis", nyumba ya wazee wa kiume, kama ile ya Haarlem ambayo leo ni makumbusho ya mchoraji Frans Hals. Si nyumba kuukuu ya wanaume; ni nyumba ya wanaume wakongwe. Anayejua kiungo kikuu kiko wapi, yaani kabla ya "huis", ameupata mkazo bila kukisia.

Vitenzi ni mlango mwingine, nao una hatari zake. "Vóórkomen" ni kutokea. "Voorkómen" ni kuzuia jambo lisitokee. Katika hali ya kwanza "voor" ni fungu huru, lenye mkazo, liwezalo kutengana na kitenzi na kwenda kukaa mwisho wa sentensi. Katika hali ya pili ni kiambishi kilichonata, kisicho na mkazo. Mganga akiandika "het voorkomen van malaria" bila alama yoyote, msomaji ajua kwa lipi kama aongea juu ya kuwapo kwa malaria au juu ya kuikinga? Kwa maana ya maneno yaliyotangulia, na kwa hiyo tu. Waholanzi wenyewe, wakiogopa kutoeleweka, huweka alama ya mkazo juu ya irabu kama ilivyowekwa hapa. Alama hiyo hufuata ufahamu; haikupata kuutangulia.

Hata sifa zina mwendo wao. Mzee sana ni "stokoud", kwa maneno yenyewe mkongwe kama fimbo. Asemapo Mholanzi kwamba mtu huyo ni "stokóud" mkazo uko mwisho. Asemapo "een stókoude man" mkazo warudi mwanzo kwa sababu jina lenye nguvu lamfuata. Lakini hili ni la wanafunzi wa mwaka wa pili.

Siku hizi umeingia ugonjwa mwingine, nao watoka Uholanzi kwenyewe. Kwa kuiga Kiingereza, wenye maduka na maofisi huandika maneno ambatani kwa kuyatenganisha. Wapenda lugha wa huko huuita tabia hiyo "Engelse ziekte", ugonjwa wa Kiingereza, kwa kufanya mchezo na jina la zamani la ule ugonjwa wa mifupa ya watoto uletao matege. Wako wageni wanaoshangilia: hatimaye Waholanzi wameona nuru, neno refu litakwisha! Na watazame "rodewijnglas". Likiandikwa hivi, kwa pamoja, ni bilauri ya mvinyo mwekundu. Likiandikwa "rode wijnglas" ni bilauri nyekundu ya mvinyo. Kiswahili hulimaliza jambo hilo kwa ngeli: "mwekundu" humshika mvinyo, "nyekundu" huishika bilauri. Kiholanzi hakina ngeli za namna hiyo. Na tazama kwamba hapa hata mkazo hausaidii sana, maana katika hali zote mbili sauti hupanda kwenye "wijn". Kuunga kwa maandishi ndiko kunakofanya kazi ambayo Mswahili huifanya kwa upatanisho. Anayeshauri nafasi nyeupe ziwekwe ili kumrahisishia mgeni ni sawa na anayeshauri Waswahili waache upatanisho wa ngeli kwa kuwa unawachosha watalii.

Wala mabadiliko ya tahajia hayakuigusa mizizi ya jambo. Mwaka 1995 "pannekoek", mkate wa kikaangoni, liliamriwa kuandikwa "pannenkoek", kwa kuwa wingi wa "pan" ni "pannen". Palikuwa na kelele nyingi magazetini. Vinywa havikujali: wengi hawaitamki ile "n" mpya, mkazo ulibaki "pan", na kiungo kilibaki kabla ya "koek". Mwaka huo huo "zeeëend", bata wa baharini, lilivuliwa nukta zake mbili likavikwa kistari, "zee-eend". Hapo angalau tahajia ilikubali waziwazi kwamba mpaka wa mafungu wastahili kuonekana.

Wengine hudhani kwamba mashine imemaliza ubishi. Mwaka 1983 Franklin Liang, katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika tasnifu juu ya kukata maneno kwa kompyuta kwa kutumia vipande vya herufi vilivyokusanywa kutoka orodha ya maneno, na njia hiyo imetumiwa kwa lugha nyingi, Kiholanzi kikiwamo. Ni kazi ya akili kubwa. Lakini mashine ya namna hiyo hutazama herufi za jirani ndani ya neno, haitazami sentensi. Mbele ya "kwartslagen" haina la kufanya ila kuchagua upande mmoja siku zote, au kuacha kukata. Mjenzi mwenye busara huiamuru iache. Ni ajabu kwamba kompyuta imefundishwa kunyamaza mahali ambapo kitabu cha mwanafunzi bado chapiga makelele.

Kuna neno moja la jamii hii ambalo Afrika nzima ililisikia kwa uchungu, nalo ni "apartheid". Lilitoka katika Kiafrikaana, mtoto wa Kiholanzi, likawa jina la utawala uliokandamiza Waafrika wa Kusini tangu mwaka 1948 hata uchaguzi wa mwaka 1994. Viungo vyake ni viwili tu: "apart", mbali, na "heid", kiambishi kifanyacho hali, sawa na "u" ya utengano. Hukatwa a-part-heid, na mkazo wake uko "part". Lakini Afrika Mashariki ililipokea kupitia kwa Waingereza na magazeti yao, na wengi wakaona ndani yake "th", wakaitamka kama th ya thamani, wakakata "apar-theid". Katika lugha hiyo hakuna "th". Kuna "t" iliyo mwisho wa fungu, na "h" iliyo mwanzo wa jingine, nazo zimekutana mpakani. Tena neno hilo, likatwapo kiungoni, lajishtaki lenyewe: kuwa mbali, kuweka mbali. Likatwapo penginepo halisemi kitu. Labaki kelele ya kigeni. Watu waliopinga jambo hilo kwa miaka mingi walistahili kuambiwa jina lake lilisema nini.

Basi vitabu vya kuwafundisha Waswahili Kiholanzi na viandikwe upya katika sehemu hii. Kamusi yoyote itakayotungwa kati ya lugha hizi mbili na ichape kila neno ambatani mara mbili: kwanza kama liandikwavyo, kisha likiwa limepigwa mistari kwenye viungo vyake, maana ya kila fungu ikiwa chini yake, na alama ya mkazo mkuu ikiwa juu ya irabu yake. Silabi zaweza kufuata katika safu ya tatu, kwa herufi ndogo. Na mwanafunzi aendaye kufanya mtihani wake alikute jina la mtihani limeandikwa ubaoni hivi: ín-burger-ing-s | examen, "burger", raia, "in", ndani, "s" yabaki kushoto.